Klachi Hutumikia Mabwana Wawili



Mazungumzo yetu ya juma hili yanawahusu zaidi wenye magari ya zamani, na hasa wenye Land Rover za enzi zile, zilizoanza kuonekana duniani mwaka 1948, na ambazo toleo lake la tatu lilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Bodi zake ni za aluminiamu, hazili kutu kama bati, na chesisi ikitunzwa hustahimili miaka mingi. Kinachochoka mapema ni injini. Ndiyo maana wenyewe wengi huamua kuing'oa ile injini ya Kiingereza ya lita 2.25 na kuweka ya Kijapani: Toyota 2L au 3L, Nissan TD27, ama Isuzu 4JB1. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu hufuata injini ambayo spea zake anazipata na fundi wake anaijua.

Tatizo ni kwamba fedha yote na fikra zote huishia kwenye injini. Klachi na flaiwili hukumbukwa siku ya mwisho, na hununuliwa kwa senti zilizobaki. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Tuelewane kwanza. Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma linalofungwa kwa bolti nyuma ya krenkishafti. Juu yake hufungwa presha pleti, na katikati hubanwa diski ya klachi, ambayo imeingia kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Kwa hiyo klachi hutumikia mabwana wawili: mbele injini, nyuma giaboksi. Katika gari lililotoka kiwandani mabwana hao ni ndugu. Katika gari lililobadilishwa injini, mmoja ni Mjapani na mwingine ni Mwingereza, na hawakupata kuonana hata siku moja.

Basi kanuni ni hii. Flaiwili huifuata injini, kwa sababu matundu yake ya bolti na uzani wake vilipimwa kwa krenkishafti ile, na meno ya ringi yake kwa stata ile. Presha pleti huifuata flaiwili. Diski hufuata pande zote mbili: upana wake hutoka kwenye presha pleti, lakini meno ya katikati hutoka kwenye giaboksi. Ukienda dukani ukataja jina la gari moja tu, utapewa diski iliyo sahihi nusu.

Mafundi wana njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta diski yenye upana wa upande wa injini na meno ya upande wa giaboksi. Ya pili ni kutoboa matundu mapya kwenye flaiwili ili ipokee presha pleti ya Land Rover. Njia zote mbili zinafaa, ila ya pili inadai jambo moja: flaiwili iliyotobolewa ipelekwe pamoja na presha pleti yake ikapimwe mizani kwenye mashine. Tundu likikosea kidogo tu, injini itatetemeka na beringi za krenkishafti zitakwisha kabla ya wakati.

Jambo la tatu ni dogo kwa umbo, nalo husahauliwa mno. Ncha ya shafti ya giaboksi hukaa ndani ya bushi iliyo mwishoni mwa krenkishafti. Injini ikibadilika, bushi hiyo lazima ichongwe upya: nje ilingane na krenkishafti, ndani ilingane na shafti. Bila hiyo shafti itacheza, gia zitakwaruza, na diski itaisha upande mmoja. Tena, lile bamba la kuunganishia injini na giaboksi ni lazima likae katikati barabara, na likaguliwe kwa kipimo cha saa, si kwa jicho.

La nne ni mwendo wa beringi ya rilizi. Ikisukuma kidogo, klachi haiachii. Ikisukuma kupita kiasi, inaumiza springi za presha pleti. Pimeni kabla ya kufunga, maana kuishusha giaboksi mara ya pili ni gharama nyingine.

Yupo atakayesema, mimi nitanunua klachi ngumu kuliko zote, yaishe. Ndugu yangu, klachi ngumu kupita kiasi haiponyi maradhi, inayahamisha tu. Giaboksi na shafti za ekseli ya nyuma za gari hili zilitengenezwa kwa nguvu za injini ile ya zamani, na shafti hizo zina sifa ya kukatika. Klachi dhaifu nayo itateleza ukiwa na mzigo kwenye mlima kama Kitonga. Utasikia harufu ya kuungua, na uso wa flaiwili utapata nyufa. Chagueni klachi inayotosha injini mliyoweka, kisha mguu wa dereva uwe na adabu.

Na nyufa si jambo la kufumbia macho. Flaiwili huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na katika Land Rover ipo chini ya sakafu, karibu na miguu ya dereva na abiria. Ikipasuka, vipande vyake havichagui mtu. Iliyochongwa mpaka ikawa nyembamba, au yenye ufa unaopenya, itupwe. Bolti zake nazo ziwe mpya. Na vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe kwa upepo, kwani diski nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, ambayo huleta saratani. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Magari haya, huko vijijini, ndiyo yanayobeba mahindi, na usiku ndiyo yanayobeba mama mjamzito kwenda hospitali. Kabla hujalipa, muulize fundi: diski ina meno ya nani, bushi imechongwa wapi, flaiwili imepimwa mizani lini? Fundi mwenye majibu hatachukia kuulizwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa leo naishia hapa. Nawatakieni safari njema.