Baba Anapoacha Usukani

Somo letu la leo lahusu wazee wetu waendeshao magari.

Fikirini habari ya mzee mmoja. Kwa miaka mingi amepeleka mazao na wagonjwa Musoma kwa gari lake. Siku moja, akirudi nyumbani, alifika Makutano asiitambue njia ya Butiama. Akaenda mpaka Bunda. Wiki ya pili akakanyaga mafuta badala ya breki, akavunja ua wa jirani. Watu wakanong'ona, "Amerogwa."

Hakurogwa. Upo ugonjwa wa ubongo uitwao demensia. Huharibu kumbukumbu na uwezo wa kuamua. Si kila mzee huupata. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kuwa karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Tufanye nini?

Kwanza, mpelekeni hospitali. Usahaulifu mwingine huletwa na homa, dawa au upungufu wa vitamini, nao hutibika. Demensia haina dawa ya kuiponya. Daktari akisema gari sasa basi, mzee hatadhani ni njama ya watoto wake.

Pili, ketini naye. Msimnyang'anye ufunguo mbele ya wajukuu. Mwana aseme, "Baba, umetubeba miaka mingi. Sasa ni zamu yetu." Akikasirika, mvumilieni. Gari lilikuwa miguu yake na heshima yake.

Tatu, kabla ya kuuondoa ufunguo, pangeni nani atampeleka mnadani, kanisani au msikitini, na kwenye vikao vya wazee. Mkimnyima gari na safari pia, mmemfunga nyumbani.

Nne, mkumbukeni mama. Ndiye aulizwaye ufunguo mara kumi kwa siku. Mpokeeni kazi, apumzike.

Kesho mzee atasahau mliyokubaliana. Mwambieni tena kwa upole, lakini ufunguo msimrudishie kwa huruma. Barabarani wamo watoto watokao shuleni, nao wanataka kuhurumiwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni dalili zipi zilionyesha kuwa mzee huyu asiendeshe tena?
2. Katika ukoo wako, ni nani anayefaa kusema naye?
3. Nani atampeleka mnadani?