Marehemu Asizikwe Bila Jina
Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii katika kumbukumbu ya askari walioanguka na wakimbizi wa vita, kando ya Ziwa Albert, Uganda



Tumekusanyika kuwakumbuka watu wa namna mbili. Wa kwanza ni askari waliotumwa vitani wasirudi. Wa pili ni raia ambao vita viliwafuata hadi majumbani mwao, wakakimbia, na baadhi yao wakafia njiani. Tumewaunganisha katika kumbukumbu moja kwa kuwa msiba wao ni mmoja: wote walifia mbali na kwao.

Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Buulo Mareer nchini Somalia ilishambuliwa, na askari 54 wa Uganda wakauawa. Askari anapoanguka, jina lake na namba yake vimo daftarini, pamoja na jina la ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo mjane hupata habari. Habari hiyo ni chungu, lakini humwezesha kuanza matanga.

Mkimbizi hana daftari. Mapema mwaka 2018 mapigano ya Ituri yaliwalazimisha maelfu ya watu kuvuka ziwa hili kwa mitumbwi na mashua. Wengi walishukia Sebagoro, kisha wakapelekwa Kyangwali. Wapo waliozama. Ng'ambo ile huenda yupo mama ambaye hadi leo hajui kama amwombee mwanawe arudi au amwombee apumzike.

Tazameni Nyabyeya, wilayani Masindi. Huko yapo makaburi ya wakimbizi kutoka Poland, walioletwa Uganda wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Walijenga kanisa ambalo lipo hata sasa. Walio hai waliondoka baada ya vita; wafu wao walibaki katika ardhi yetu, na majina yao yamehifadhiwa. Mjukuu akifika leo kutoka Ulaya, ataonyeshwa mahali pa kusimama na kuomba. Heshima waliyopewa wageni wale haimzidi jirani yetu wa Ituri.

Kwa sababu hiyo, tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mwili ukionekana majini au mwaloni, msiuzike kabla ya kumwarifu mwenyekiti wa LC 1 na kituo cha polisi kilicho karibu. Nguo, kovu, pete, siku na mahali ulipopatikana vikiandikwa, ndugu zake wataweza kumtambua hata baada ya miaka.

Pili, aliyepotelewa na ndugu asinyamaze. Aje kwetu, au aende kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda, ambao husaidia kuwatafuta jamaa waliotenganishwa na vita.

Tatu, wazee na wavuvi mnaojua yalipo makaburi ya watu wasiojulikana, tuonyesheni, ili yawekewe alama kabla nyasi na mvua havijayafuta.

Twajua kwamba mtu aliyekimbia bunduki huogopa kila sare. Hatuwalaumu. Wajibu wa kuiondoa hofu hiyo ni wetu kwanza, sisi tulioivaa sare. Anayekuja kuulizia maiti ya nduguye ni mfiwa, naye apewe kiti na asikilizwe kabla ya kuulizwa karatasi. Nanyi mkikuta askari asiyetenda hivyo, mfikisheni kwa mkuu wake.

Sasa tusimame kimya kwa dakika moja. Kila mmoja wetu ataje moyoni jina la marehemu mmoja. Asiye na jina la kutaja amkumbuke yule aliyezama na ambaye hatukupata kulijua jina lake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote.