Mwana wa Nani? Maneno juu ya Vitabu vya Ubatizo



Leo vitabu vya kale vya ubatizo vimewekwa juu ya meza ili kila mtu avitazame, na wengi wamefurahi kuyaona majina ya wazazi wao. Nasi twafurahi pamoja nao. Walakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika tunayo aibu moja, na afadhali tuiseme mbele yenu.

Alitujia kijana mmoja aliyebatizwa hapa alipokuwa mtoto mchanga. Mama yake alikufa mapema, naye akalelewa mbali na shangazi ambaye sasa ni marehemu. Alirudi akitaka kuoa binti wa kijiji chetu. Wazee wakamwuliza, “Wewe ni mwana wa nani?” Akataja jina la baba yake. Lakini watu wawili wa jina hilo walikuwako zamani, na mmoja wao alikuwa ndugu wa baba wa yule binti. Tukafungua kitabu. Tukaona jina la mtoto, na jina moja la baba. Mahali pa mama palikuwa patupu. Na mwandiko ulikuwa wetu wenyewe.

Ndoa ikasimama. Katika mashaka hayo tukakumbuka habari za Uingereza, ambako watu wamezoea kuwatafuta wazazi wa wazee wao katika vitabu vya namna hii, nao wamejifunza njia ya kutafuta. Habari hizo twataka kuwasimulia.

Mwaka 1538, siku za Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru kwamba kila mtaa wa Kanisa uwe na kitabu, na kila Jumapili padre aandike ubatizo, ndoa na maziko ya juma lililopita. Kitabu kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padre na wa pili kwa wazee wa kanisa. Watu wengi walinung’unika, wakidhani kwamba ni hila ya kutoza kodi mpya. Vitabu vya kwanza aghalabu vilikuwa vya karatasi, navyo vikaanza kuharibika. Kwa hiyo mwaka 1598 ikaamriwa vinakiliwe katika ngozi, na kila mwaka nakala ya majina ipelekwe kwa Askofu. Amri hiyo ilitaja hasa miaka tangu 1558, Malkia Elizabeth alipoanza kutawala. Basi mitaa mingi ilinakili tangu mwaka huo tu, na majina ya nyuma yakapotea.

Tutwae mfano mmoja, wa mtu ambaye michezo yake miwili Mwalimu Julius Nyerere aliitia katika Kiswahili, yaani William Shakespeare. Katika kitabu cha kanisa la Stratford-upon-Avon, tarehe 26 Aprili 1564, pameandikwa kwa Kilatini kwamba amebatizwa William, mwana wa John Shakespeare. Hapana zaidi. Siku ya kuzaliwa haikutajwa, wala mama hakutajwa.

Mama yake basi alijulikanaje? Kwa karatasi nyingine. Mwaka 1556 mkulima mmoja, Robert Arden wa Wilmcote, aliandika wasia, akamwachia binti yake mdogo Mary shamba liitwalo Asbies. Miaka ilipopita, John Shakespeare na mkewe Mary waliliweka shamba lile rehani kwa pauni 40, na mwaka 1597 walishitaki barazani ili warudishiwe. Shamba ndilo lililomtambulisha mama.

Na baba wa John je? Ubatizo wake haumo katika kitabu chochote kilichosalia. Lakini mwaka 1561, Richard Shakespeare wa kijiji cha Snitterfield alipokuwa amekufa, usimamizi wa mali yake alipewa John mwanawe. Tena Richard huyo alikuwa akilima katika ardhi ya Robert Arden, baba wa Mary. Hivyo shahidi mmoja akamthibitisha mwenzake, na jamaa hizi mbili zikaonekana zilivyojuana.

Sasa sikieni jambo lililotugusa sana. Kitabu kile kile chataja watoto watatu, Ursula, Humphrey na Philip, waliobatizwa kati ya 1589 na 1591, na baba yao aitwa John Shakespeare. Mwaka 1709 Nicholas Rowe, alipoandika maisha ya William, alisema kwamba wazazi wake walikuwa na watoto kumi. Kumbe walikuwa wanane! Katika mji ule walikuwako akina John Shakespeare wawili: mmoja mshona glavu, babaye William, na mwingine mshona viatu, na watoto wale watatu walikuwa wa mshona viatu. Walitenganishwaje? Mshona glavu alikuwa mkuu wa mji mwaka 1568, na tangu hapo mwandishi alilitangulizia jina lake neno la heshima, mfano wa “Bwana”. Mshona viatu hakuandikiwa neno hilo. Neno dogo kama hilo, lililoandikwa kwa desturi tu, liliwatenga watu wawili hata leo.

Kwa mifano hii twajifunza kanuni chache. Kwanza, mtafutaji aanzie kwa yule anayemjua hakika, arudi nyuma hatua kwa hatua, asiruke kwenda kwa mtu mashuhuri mwenye jina kama lake. Pili, akiisha kuona ubatizo, atazame maziko pia. Margaret, dada yake William, alibatizwa Desemba 1562 akazikwa Aprili 1563. Asingeweza kuwa bibi wa mtu ye yote. Joan alibatizwa 1558, kisha Joan mwingine akabatizwa 1569, na jina kurudiwa hivyo aghalabu ni dalili ya kwamba yule wa kwanza amekufa. Tatu, aangalie hesabu ya miaka. Huko Uingereza, hata 1751, mwaka wa Kanisa na wa sheria ulianza tarehe 25 Machi. Pacha wa William, Hamnet na Judith, walibatizwa tarehe 2 Februari, na kitabu chasema 1584. Kwa hesabu yetu ni 1585.

Tena kuna watoto ambao baba zao hawakuandikwa kabisa. Kwa hao, watu hutafuta katika sanduku la mtaa karatasi za ahadi, ambazo kwazo mwanamume alijifunga kulipa matunzo ya mtoto. Tangu 1813 vitabu vya ubatizo vilipigwa chapa, vikawa na mahali pa majina ya wazazi wote wawili, makao yao, na kazi ya baba. Na tangu Julai 1837 Serikali yenyewe iliandika vizazi, pamoja na jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Kitabu kilipotunyamazia, tukatafuta shahidi wa pili. Tulikuwa tumesahau mama, lakini jina la mdhamini tulikuwa tumeliandika. Bibi yule yu hai, mzee sana, kijiji cha mbali. Tukamwendea kwa miguu. Akamtazama kijana, akalia, akataja mama yake, na nyumba aliyozaliwa, na ukoo wa baba yake. Haukuwa ukoo wa binti yule. Ndoa ikatangazwa, ikafungwa.

Walakini ndugu zetu, kama bibi yule angalikufa mwaka mmoja mbele, tungalimjibu nini kijana?

Basi Walimu wenzetu, hasa ninyi vijana, mshikapo kalamu baada ya ubatizo, jua likiwa kali na watu wakiwangoja, msifanye haraka. Andikeni baba, andikeni mama, ukoo, kijiji, na mdhamini. Atakayeuliza bado hajazaliwa, na siku atakapokuja huenda sisi sote tumelala makaburini, na kitabu peke yake ndicho kitakachomjibu. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.