Wizi, Unyang'anyi na Kazi ya Mkalimani wa Mahakama

Katika sheria za jinai ambazo Kenya na Tanzania zilirithi kwa Waingereza, "theft" na "robbery" hayabadilishani nafasi. La kwanza ni kuchukua mali ya mtu kwa hila pasipo dai la haki. La pili ni wizi huohuo ukiambatana na nguvu au kitisho. Hata Waingereza wenyewe huyachanganya: mtu akikuta nyumba yake imekombwa, husema amefanyiwa "robbery", ilhali hakumwona yeyote. "Burglary" lingemfaa zaidi, ingawa katika sheria hizi humhusu avunjaye nyumba usiku kwa nia ya kutenda kosa, hata akitoka mikono mitupu.

Mbele ya hakimu mchanganyiko huo una gharama. Nchini Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Shahidi akisema "aliniibia", na mkalimani akatamka "robbery" kwa kuwa panga lilitajwa, hukumu imekwisha kuanza kuandikwa.

Kiswahili hakikosi msamiati: kuiba, kudokoa, kukwapua, kupora, kunyang'anya. Vitenzi hivi hueleza zaidi jinsi mkono ulivyotenda. Sheria huuliza iwapo nguvu ilitumika, na kwa kusudi gani. Simu ikikwapuliwa, kitenzi hakitoi jibu. Sharti shahidi aulizwe kama alisukumwa au alitishwa.

Istilahi nazo zinapishana. Tanzania husema "unyang'anyi". Magazeti na redio za Kenya, "wizi wa mabavu", ambalo wapenzi wa ufasaha huliona tafsiri ya kukopa. Wanalionea. Kifungu cha 285 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na cha 295 cha Kenya, hujumuisha nguvu itumikayo mara baada ya kuiba. Aliyeingia kimyakimya, akatwaa redio, akafumaniwa mlangoni na kumpiga mwenyewe ili atoroke nayo, ametenda "robbery". Kwa Kiswahili cha kawaida hakunyang'anya: aliiba, kisha akapiga. "Wizi wa mabavu" humwenea bila taabu. "Unyang'anyi" huhitaji mwanasheria aufafanue.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Uteuzi uliokuwa wa mkalimani, papo kwa papo, sasa unamkabili pia mwandishi wa sheria.