Pombe, Pumzi na Koo la Mtu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Afya katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu za mwaka, nanyi mmesikia jinsi sehemu kubwa ya fedha zetu ilivyokwenda katika mazishi na kusafirisha maiti. Katika mazishi hayo limo moja ambalo halikupasa kuwapo, na habari zake ndizo zilizotuleta mbele yenu.

Kijana mmoja, mwanachama mwenzetu, alihudhuria arusi pamoja nasi. Alikunywa kupita kiasi hata asiweze kusimama. Sisi tuliokuwapo tulimchukua mpaka kwake, tukamlaza chali kitandani, tukamwambia mkewe, "Shemeji, mwache alale, pombe itamtoka." Kisha tukafunga mlango, tukaenda zetu. Alfajiri mkewe alimkuta amekufa. Daktari alitueleza kwamba matapishi yalikuwa yameingia mapafuni. Mjane wake yupo nasi leo katika ukumbi huu, na kwa hiari yake ametupa ruhusa kusema haya, ili yaliyompata yeye yasimpate mwingine. Hatukuja kumhukumu mtu. Twaja kukiri kwamba tulimpenda ndugu yetu, lakini hatukujua la kumtendea.

Basi na tueleze. Katika shina la ubongo, karibu na pale kichwa kinapoungana na shingo, mna sehemu iangaliayo pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, wala hahitaji kukumbuka, maana mlinzi huyu hufanya kazi usiku na mchana. Pombe ikizidi katika damu humlevya hata mlinzi huyu. Kwanza huondoka haya na busara, kisha mwendo na usemi, kisha fahamu. Na mwisho pumzi yenyewe hupungua, hukatikakatika, na yaweza kusimama kabisa. Ulimi na misuli ya koo hulegea pia, na kwa mtu aliyelala chali ulimi huanguka nyuma na kuziba njia. Kule kukoroma kuzito ambako watu hukucheka kwaweza kuwa ni sauti ya hewa inayotafuta pa kupita.

Sasa tutazame kumeza. Koo ni njia panda. Chakula na hewa hupita hapo pamoja, kisha huachana: chakula hushika umio kwenda tumboni, na hewa hushika njia yake kwenda mapafuni. Kila tumezapo, pumzi husimama kidogo, koromeo huinuka, na kifuniko kidogo hufunika njia ya hewa. Tone moja tu likipotea, mara twakohoa mpaka litoke. Kazi hiyo yote yategemea amri za ubongo. Kwa mtu aliyelewa mno amri hizo huchelewa, au hazifiki. Hamezi sawasawa wala hakohoi. Na pombe hulisumbua tumbo na kuleta kutapika, wakati uleule ambapo mlango umekosa bawabu. Matapishi yakishuka mapafuni huweza kumsonga mtu papo hapo. Akinusurika, asidi ya tumbo huunguza mapafu yake, na nimonia yaweza kufuata.

Hatari hii si ngeni kwa madaktari. Mwaka 1946 Daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za wanawake waliopatwa na madhara hayo walipotiwa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Ndiyo sababu mgonjwa aendaye kupasuliwa huambiwa asile kwanza. Fikirini, ndugu zetu: mgonjwa yule hulala na tumbo tupu, na mtaalamu humwangalia kila pumzi, mlevi wetu hulala na tumbo lililojaa, nasi twamfungia mlango.

Lile neno "pombe itamtoka" lina udanganyifu. Ini huondoa pombe polepole, yapata saa moja au zaidi kwa chupa ndogo moja ya bia. Kahawa, maji baridi na kutembezwa havimharakishi. Zaidi ya hayo, pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kulala. Hivyo aweza kuwa katika hatari kubwa zaidi saa moja baada ya kikombe cha mwisho.

Yatupasa basi kutenda hivi. Asiyeweza kukaa alazwe kwa ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Asipewe chakula wala kinywaji, wala asitiwe kidole kooni ili atapike. Afunikwe blanketi, kwa kuwa pombe hupoteza joto la mwili. Mtu mmoja akae naye na kuhesabu pumzi zake. Zikipungua chini ya 8 kwa dakika, au zikikatika kwa muda wa sekunde 10, au haamki aitwapo na kutikiswa, au ana kifafa, au midomo, ufizi na kucha zimegeuka rangi, basi litafutwe gari upesi apelekwe hospitali. Ikiwa alimeza pia dawa za usingizi, asingojewe kabisa.

Lipo na jambo la pombe isiyojulikana asili yake. Mnamo Novemba 2000, katika vitongoji vya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Sumu hii huweza kukawia saa nyingi, kisha mtu huona ukungu machoni, huumwa na tumbo, na pumzi zake huwa za haraka na nzito. Huyo naye apelekwe hospitali, hata kama bado anatembea.

Bwana Mwenyekiti, Kamati yaomba mkutano huu ukubali jambo moja lisilo na gharama: kwamba katika kila arusi na kila karamu ya wanachama wateuliwe wawili wasiokunywa siku hiyo, wajue haya tuliyoyasema, na wasiondoke mpaka kila aliyelewa awe na mtu wa kukaa naye. Majuto ni mjukuu, nasi tumekwisha kumpakata wetu. Ndugu yetu hakukosa watu wa kumbeba usiku ule. Alikosa mmoja wa kumgeuza ubavu na kukaa naye mpaka asubuhi.