Ua la Chai na Akamwani



Mti wa chai, kama ile iliyopandwa Maruku, ni wa jamii ya kamelia. Ua la kamelia Wajapani huliweka peke yake katika chumba cha chai wakati wa baridi, kumheshimu mgeni. Adabu hiyo aliikamilisha Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591.

Hapa Kagondo tunayo yetu: akamwani, buni iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa. Mgeni huitafuna kabla ya mazungumzo.

Huko Japani zipo shule ambazo vijana hujifunza adabu ya chai. Je, vijana wetu watafundishwa na nani heshima ya akamwani, tusipowafundisha sisi?