Mzimu Katika Shule Tupu



Mathayo atueleza leo kwamba ilikuwa zamu ya nne ya usiku, yaani baada ya saa tisa, mitume walipokuwa ziwani na upepo ukiwapinga. Yule waliyemhitaji kuliko wote akawajia akitembea juu ya maji, nao wakapiga yowe kwamba ni mzimu.

Nami niliwahi kupiga yowe la namna hiyo. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, na tulikuwa tukipokezana kitabu kimoja cha katuni, kisicho na jalada, juu ya Spider-Man, shujaa aliyebuniwa Marekani mwaka 1962 na Stan Lee na Steve Ditko. Kwa kawaida ni mwanafunzi tu, yatima, jina lake Peter Parker. Aliumwa na buibui akapata nguvu za ajabu. Sisi tulipenda kumwona akiparamia kuta. Ukurasa wa mwizi tuliupita haraka: mwizi akimbia mbele ya kijana huyu, naye, awezaye kumzuia kwa mkono mmoja, amwacha aende kwa kuwa si kazi yake. Baadaye mwizi huyo huyo amwua baba mkubwa aliyemlea.

Mimi nilijiita kwa jina la shujaa huyo. Likizo ilipofika wenzangu waliondoka, nikabaki usiku mmoja kungoja basi. Tulizoea kuambiana kwamba shule ikiwa tupu mzimu huzunguka jikoni. Basi nikajifunga kitambaa usoni, nikachukua tochi, nikaenda kuukamata.

Nikasikia mkwaruzo. Nikamulika, nikaona kitu cheupe kimeinama juu ya sufuria kubwa. Nguvu zote za buibui zikanitoka. Nikapiga yowe, tochi ikaanguka. Mzimu nao ukapiga yowe.

Alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza, amejitanda shuka kwa sababu ya baridi, akikwangua ukoko wa ugali kwa kijiko. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, nauli hakuwa nayo, wala mtu wa kumwendea. Kila likizo alijificha shuleni. Tangu Januari tulikuwa tukila naye meza moja, na sikumbuki kama niliwahi kumpa hata salamu.

Ninyi makatekista hupenda kufundisha juu ya Petro kuzama, na ni vema. Lakini msilipite yowe la wale wengine chomboni. Bwana hakuanza kwa kuwakemea. Alisema nao, wakaitambua sauti. Katika vijiji vyetu bibi vizee wameitwa wachawi, na wengine wameuawa, kwa kuwa tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Ni nani aliyeketi nao kwanza akasikiliza sauti zao? Na sisi tulio na nguvu kidogo, wazee wa kigango, walimu, mapadre, ni mara ngapi tumeona mtu akifukuzwa tukasema hilo si jambo letu?

Usiku ule nilivua kitambaa, nikamwuliza yule mtoto jina lake. Akanitajia. Kisha akanitajia na langu, na kijiji nilikotoka, na kitanda nilicholalia.